Mzee Akae Kwake Salama: Somo la Kikundi

Katika somo hili tunaangalia jambo linalogusa maboma mengi hapa Mosocho: mzazi aliyezeeka na anataka kubaki kwake. Watoto wengine wako Nairobi au Mombasa. Wakimwita mjini, anakataa. Shamba lake liko hapa, makaburi ya watu wake yako hapa, na majirani wanaomjua wako hapa. Basi sisi tufanye nini ili akae kwake bila kuumia?

Wengi hufikiri ni lazima ajengewe nyumba mpya. Sivyo. Mara nyingi shida haiko kwenye nyumba, iko kwenye njia anazopita kila siku: kutoka kitandani hadi chooni, jikoni, kwenye maji na barabarani. Kwetu ni milima, mvua ni nyingi, na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Kijana akianguka anaamka na kucheka. Mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga, na wengi wakivunjika hapo hawatembei tena kama zamani.

1. Tembeeni naye kwanza

Msianze na nyundo. Watu wawili wa kikundi waende kwa mzee, waombe ruhusa, watembee naye pole pole njia hizo zote. Mwulizeni: ‘Nyanya, ni wapi unaogopa kupita? Usiku unafanyaje?’ Andikeni kila mahali anaposhika ukuta au kusimama kupumua. Hapo ndipo kazi ilipo. Msimwamulie, nyumba ni yake.

2. Rekebisheni kidogo kidogo

• Mlangoni: Ngazi moja isizidi sentimita 15. Kama anatumia mkongojo au kiti cha magurudumu, tengenezeni mteremko. Kwa kila sentimita 15 za kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 180. Mlango wenye upana wa sentimita 90 unatosha.

• Njia ya choo: Mwageni moram au kokoto, na mchimbe mtaro maji yapite kando. Simamisheni nguzo za mkaratusi na mti wa kushikilia, kimo cha sentimita 90 hivi. Pakeni chokaa kwenye ukingo wa ngazi ili macho yaliyofifia yauone.

• Chooni: Kuchuchumaa ni taabu kwa magoti ya mzee. Fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kimo cha sentimita 45 hivi, kikae imara juu ya shimo. Usiku awe na ndoo yenye kifuniko chumbani, na taa ya sola karibu na kitanda.

• Jikoni: Inueni jiko la udongo asiiname, na moshi upate pa kutokea.

• Maji: Gata kwenye mabati na pipa mlangoni vitampunguzia safari ya mtoni.

Pesa zitoke wapi? Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini hizo ni za chakula na dawa. Kazi hii inahitaji mikono kuliko pesa. Wazee wetu walikuwa na risaga: leo majirani wanalima kwa huyu, kesho kwa yule. Risaga moja ya siku mbili inaweza kumaliza njia ya choo.

3. Asiachwe peke yake

Hata nyumba nzuri haitoshi kama hakuna anayebisha hodi. Mzee anayekaa peke yake, haendi sokoni wala kwenye mikutano, huanza kusemwa vibaya. Tunajua maneno hayo yamefika wapi. Mei 2008, hapa Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, majirani zetu, akina mama wanne waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kushiriki mambo ya jamii.

Kwa hiyo pangeni zamu: kila siku mtu mmoja apite kumsalimu, hata kama ni mtoto anayetoka shule. Mkutano wa kikundi ufanyike kwake mara moja moja. Na uvumi ukianza, mwenyekiti auzime siku hiyo hiyo na kumjulisha chifu. Asingoje wiki ijayo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, ni wazee wangapi wanaoishi peke yao? Wataje.
2. Nani alimwona kila mmoja wao jana?
3. Tutaanza na njia ya nani, na lini?

Msifunge mkutano kabla swali la tatu halijapata jina na tarehe.