Maganda ya Machungwa, Kuvu na Pektinesi: Mafunzo Niliyopata

Msimu wa machungwa ukifika Muheza, maganda hayana mwenyewe. Sisi wa maabara tunayakausha, tunayachanganya na pumba za ngano, kisha tunaotesha juu yake kuvu iitwayo Aspergillus niger. Tunachokitafuta ni pektinesi, kimeng'enya kinachovunja pektini, ambacho viwanda hukitumia kukamua matunda vizuri na kuifanya juisi iwe angavu.

1. Kuvu hutoa kimeng'enya kulingana na inacholishwa. Ikikuta pektini, hutoa pektinesi ili ipate kula. Ikimwagiwa sukari iliyo tayari, hula sukari na pektinesi hupungua. Wanga mwingi huvuta amilesi. Kwa hiyo amua kwanza unataka kimeng'enya gani, ndipo uchague taka.

2. Usikimbilie maganda mabichi. Yale mafuta yanayowasha macho ukiminya ganda huzuia vijidudu, kuvu ikiwemo. Kukausha huyapunguza.

3. Maji yasizidi. Mchanganyiko ukiufumbata ushikane, usichuruzike. Ukilowa mno, hewa hukosa njia na bakteria huvamia.

4. Joto ndilo lililonifunza heshima. Kuvu hii hustawi kwenye nyuzi 30 hivi, lakini nayo hupumua na kutoa joto, na pumba hazipitishi joto upesi. Juu ya trei pana ubaridi, katikati ya tabaka nene panapita nyuzi 40. Tandaza tabaka jembamba, uchomeke kipimajoto katikati. Kazi yenyewe ya kuotesha kuvu kwenye pumba si ngeni: mwaka 1894 Mjapani Jokichi Takamine alipata hataza Marekani kwa kimeng'enya alichokipata kwa kuotesha kuvu ya koji kwenye pumba hizo za ngano. Ugumu ni kutoka trei kwenda pipa kubwa, ambako joto hilo hukosa pa kutokea.

5. Ukungu uliojiotea wenyewe usiufanye mbegu ya kuoteshea. Aspergillus flavus, ndugu wa karibu wa kuvu ya koji, hutoa sumukuvu; mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Hata baadhi ya Aspergillus niger hutoa sumu. Chukua mbegu iliyopimwa, na uvae barakoa, maana lile vumbi jeusi si la kuvuta.

6. Taka si bure. Ganda bichi kwa sehemu kubwa ni maji, nawe utalipia kuyasafirisha na kuyakausha. Kiwanda cha juisi chenye maganda uani kinaweza kujaribu. Anayekodi lori kuyafuata mbali, sioni atakavyorudisha fedha yake.