Gongo la besiboli si sare ya shule

SWALI: Mwanangu ana miaka 9 na msimu huu ameingia timu ya besiboli ya watoto, Little League, mtaani kwetu. Sisi tumetoka Bukavu, huu mchezo hatuujui hata kidogo. Baba yake anataka tumnunulie gongo kubwa, alitumie miaka mitatu. Mtoto analilia kama la rafiki yake, la dola 350. Nimsikilize nani?
Mama Baraka, Columbus, Ohio

JIBU: Mama Baraka, hongera kwa kumpeleka mtoto uwanjani. Mzee ana nia njema, lakini kwa hili tusimfuate. Sare ya shule ikizidi unakunja pindo, gongo halikunjwi. Mtoto akishika gongo lililomzidi uzito, mikono inashuka, ncha inazama, naye anazungusha wakati mpira umeshatua kwenye glavu ya mdakaji. Akikosa hivyo mechi mbili tatu, atakwambia hataki tena besiboli, na kumbe kosa ni la gongo.

Dukani anza na muhuri. Tangu Januari 2018 magongo ya Little League ya umri wake sharti yawe na alama ya USA Baseball, isipokuwa yale ya mbao ya kipande kimoja. Pembeni yake utakuta yenye alama ya USSSA, yanafanana nayo kama mapacha. Hayo ni ya mashindano mengine, waachie wenyewe.

Kisha soma namba. Urefu ni kwa inchi, uzito kwa aunsi. Gongo la inchi 28 lenye aunsi 18 huandikwa -10, yaani tofauti ya hizo mbili, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa ndivyo gongo linavyokuwa jepesi. Watoto wengi wa miaka 9 huanzia inchi 28 au 29. Mwache Baraka mwenyewe alijaribu: aweke kitako cha gongo katikati ya kifua, ncha ielekee mbele, anyooshe mkono. Vidole vikiifikia ncha, urefu unamtosha. Halafu alishike kwa mkono mmoja kwenye mpini, aunyooshe mkono ubavuni kwa nusu dakika. Ukitetemeka au kushuka mapema, rudisha hilo, chukua jepesi zaidi.

La dola 350 kwa kawaida ni la kompoziti. Ni zuri, sibishi, ila hutaka kupigiwa mipira mingi kabla halijakaa sawa, na kwenye baridi hupasuka kwa urahisi. Aprili ya Ohio unaijua mwenyewe. Mnunulie la alumini, mengi yako chini ya dola 100. Chenji inunue kofia ngumu inayomkaa vizuri.

Ukilinunua, risiti itunze na plastiki usiibandue mpaka kocha alione. Gongo likishapiga mpira, maduka mengi hayalipokei tena.