Sitara ya Nyumba na Haki ya Aliyepigwa

Darasa yetu ya leo twaiweka juu ya jambo ambalo watu wa miji yetu walijua na walinyamazia, nalo ni mwanamke kupigwa na kuteswa ndani ya nyumba yake, na yale ambayo Serikali ya Kenya imeyaweka ili kumkinga. Tumelichagua kwa kuwa ujinga umezidi pande zote mbili: mwenye kudhulumiwa hajui abishe mlango upi, na wale wanaomshauri humpeleka mlango usiokuwa wake.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya nadra. Katika uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka wa 2022, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hata 49, 34 walisema wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu kutimiza miaka 15. Na mwezi wa Novemba 2024 Serikali ilitangaza kuwa wanawake 97 waliuawa katika miezi mitatu, tangu Agosti mpaka Oktoba ya mwaka ule. Damu kama hizi aghalabu hutanguliwa na makofi yaliyoitwa mambo ya mume na mke.

Dini yasemaje?

Kuna wanaojificha nyuma ya aya ya 34 ya Suratun Nisaa. Hao twawakumbusha kuwa wanavyuoni walioifasiri aya hiyo kwa ruhusa ya kupiga waliifunga ruhusa hiyo kwa masharti: pigo lisiumize, lisiache alama, wala lisiguse uso. Basi aliyemtoa mkewe damu au kumvunja mkono ametoka nje ya ruhusa, na hana aya ya kushikia. Na Bibi Aisha ametupokelea kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Kadhalika aya ya 231 ya Suratul Baqara yakataza mume kumzuilia mke kwa nia ya kumdhuru.

Sheria ya 2015

Zamani aliyepigwa hapa kwetu alikuwa na sheria ya jinai tu, nayo humtia adabu mpigaji baada ya tendo. Mwaka wa 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhulma za Nyumbani. Sheria hii haikuhesabu kipigo peke yake. Imetia ndani matusi na vitisho, kumnyima mtu mali yake, kumfungia nje ya nyumba anayoishi, kumwandama kila aendako, kumwoza mtoto, na hata jamaa wa mume kuingilia ndoa kwa maudhi. Na yamlinda mume kama imlindavyo mke, na mzazi aliyezeeka kama mtoto.

Milango mitano, na kazi ya kila mmoja

Wa kwanza ni hospitali. Aliyeumizwa atangulize matibabu, na jeraha liandikwe siku ile ile, kwani alama hupona na ushahidi hupotea pamoja nayo. Aliyeingiliwa kwa nguvu asioge wala asifue nguo, na afike kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi haifai baada ya hapo.

Wa pili ni polisi. Huko habari huandikwa katika kitabu cha matukio, na mlalamikaji hupewa nambari ya O.B., asiondoke bila ya hiyo. Atapewa pia fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Sheria yamlazimu askari kumweleza mlalamikaji njia zote alizo nazo, pamoja na matibabu na mahali pa kujihifadhi. Na mwanamke akitaka kuhudumiwa na askari mwanamke, ana haki hiyo. Askari amwambiaye arudi nyumbani akasikizane na mumewe ameacha wajibu wake. Na asiyeweza kufika kituoni apige simu 1195, usiku au mchana, haina malipo.

Wa tatu ni hakimu. Huyu ndiye mwenye kutoa amri ya ulinzi. Aweza kumkataza mpigaji asimkaribie mlalamikaji, na aweza kumtoa katika nyumba hata kama nyumba ni yake. Ikiwa kuchelewa kutaleta madhara, hakimu hutoa amri ya muda kabla ya kumsikiza mshitakiwa. Mwenye kuivunja amri hupata faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Wa nne ni kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 champa mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, baina ya Waislamu waliokubali mahakama yake. Kwake hutafutwa talaka, fasakhi na masrufu. Lakini kadhi hahukumu jinai. Wengi wetu humpeleka aliyepigwa kwa kadhi tu, kisha wakashangaa kuwa mpigaji angali akizunguka mlangoni. Kazi hiyo ni ya hakimu, na kwenda kwa mmoja hakumzuii mtu kwenda kwa mwengine.

Wa tano ni wazee. Hatuwadharau, kwani Qurani yenyewe imeamrisha waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Walakini waamuzi ni wa ugomvi, na aliyeshikiwa kisu hana ugomvi, ana hatari. Kwanza atolewe katika hatari, kisha ndipo wazee wakae. Suluhu ya mtu mwenye hofu ni kusalimu amri tu.

Hoja tatu na majawabu yake

Watasema: kushitaki ni kufichua siri ya nyumba. Jawabu ni kisa cha Habiba binti Sahl, kilichopokewa katika Sunan ya Abu Dawud. Mumewe alimpiga hata akamvunja kiungo, naye akamwendea Mtume (s.a.w.) baada ya sala ya alfajiri. Mtume hakumrudisha akasitiri. Alimwita mume, na wakaachanishwa. Sitara ni ya aibu ya mtu, si ya dhulma yake.

Watasema: hizi ni sheria za wageni. Jawabu: Misri katika sheria ya 1929 ilimpa mke haki ya kutalikishwa na kadhi kwa sababu ya madhara, ikifuata madhehebu ya Maliki. Malaysia ilitunga sheria ya dhulma za nyumbani mwaka wa 1994, Saudia mwaka wa 2013, na Tunisia mwaka wa 2017. Je, hawa nao ni wageni katika Uislamu?

Watasema: akimshitaki, watoto watakula nini? Hoja hii ndiyo nzito, na twakiri uzito wake. Sheria ya Watoto ya 2022 haimwondolei baba wajibu wa kulisha kwa sababu ya kutengana, lakini njia ya mahakama ni ndefu na njaa haingoji. Na nyumba za hifadhi ni chache, nyingi zaendeshwa na mashirika ya hisani wala si Serikali.

Wajibu wetu

Hapa ndipo tunapotakiwa sisi. Mwaka wa 684 Hijria, yaani 1285, binti wa Sultani Baybars alijenga Kairo ribati ya wanawake. Al-Maqrizi ameeleza kuwa walikaa humo walioachwa na waliohamwa na waume, mpaka waolewe tena au warejee kwa waume zao. Basi wakfu wa namna hiyo si uzushi. Miji yetu ina nyumba za wakfu na matajiri wenye kutaka sadaka ya kudumu. Je, twashindwa kutenga nyumba moja, na nauli ya kufika hospitali, na mtu wa kumsindikiza mwanamke mbele ya hakimu?

Lau hatuwezi hayo, kuna moja tuliwezalo sote: atakapobisha kwetu usiku, tumfungulie, wala tusimuulize kwanza alimkosea nini mumewe. Wabillahi tawfiq.