Dondoo muhimu: Soma anga kabla ya kusukuma mtumbwi

Tangu Juni 2025 wasafiri wa Kigongo–Busisi, kwenye Ziwa Victoria, wanapita darajani badala ya kivuko, lakini mvuvi wa dagaa bado anakesha majini. Masika na vuli, zingatia haya:

1. Usidanganywe na jioni tulivu. Nchi kavu radi hupiga zaidi alasiri. Katikati ya Ziwa Victoria hukolea usiku hadi asubuhi, upepo wa kutoka fukwe za pande zote unapokutana juu ya maji yenye uvuguvugu. Ndiyo saa karabai za wavuvi zinapowaka.
2. Sikiliza utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) siku hiyohiyo. Wa jana haufai.
3. Ogopa wingu linalopanda kwa kasi huku kichwa chake kikitandaa bapa.
4. Upepo ukigeuka ghafla na kuwa wa baridi, vuta nyavu. Usingoje tone la kwanza.
5. Hesabu sekunde toka radi imulike hadi ingurume: zikiwa chini ya 30, iko ndani ya kilomita 10. Ukiwa ufukweni, usiingie majini.
6. Jaketi okozi huvaliwa, halikaliwi.
7. Kabla ya kusukuma mtumbwi, subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, hata mwenye mtumbwi akinuna.