Dizeli, Moshi na Kanuni Inayoanzia Bandarini

Lori la mizigo likitoka Mombasa kwenda Kigali huvuka mipaka miwili. Huko nyaraka hugongwa mihuri na mzigo hukaguliwa, lakini moshi wake hauna pa kusimamishwa. Mtoto wa Kampala anaweza kuvuta masizi ya dizeli iliyojazwa nchi nyingine, na serikali yake, hata ikiwa kali namna gani, haiwezi kulimaliza tatizo hilo peke yake.

Kwa sababu hiyo mwezi wa Januari 2015 una uzito wa pekee. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilianza kutumia kiwango kimoja cha dizeli: salfa isizidi miligramu 50 katika kila kilo ya mafuta. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa ikiruhusu hadi 500.

Salfa ikiungua hutoa gesi inayowasha koo na kumbana kifua mwenye pumu. Ikiwa hewani, gesi hiyo hugeuka chembe laini ambazo jicho halizioni, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu na kuchangia kiharusi na maradhi ya moyo. Aidha, salfa nyingi huharibu vifaa vya kusafishia moshi katika magari ya kisasa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha chembe hizo, kutoka wastani wa mikrogramu 10 hadi 5 kwa mwaka katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Kanuni ya 2015 ilikuwa na bahati ya kuwa na mlango mwembamba. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilisimama mwaka 2013, na tangu hapo Kenya huagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Meli zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam hubeba pia mafuta ya nchi zisizo na bahari. Ni rahisi zaidi kupima shehena moja bandarini kuliko kukimbizana na maelfu ya malori barabarani. Afrika kusini mwa Sahara iliwahi kufanikiwa kwa njia kama hiyo: nchi zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 kazi ilikuwa imekamilika.

Mafuta yakishapita bandarini, mlango hupanuka. Wapo wanaoyachakachua kwa mafuta ya taa, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa na bei nafuu. Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, katika mafuta ili mkaguzi atambue yaliyochanganywa. Kenya mwaka 2018 ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita, hatua iliyowabana wachakachuaji lakini ikamwumiza pia mama anayepikia jiko la mafuta. Gharama hiyo haifai kufichwa.

Halafu kuna magari yenyewe. Dizeli safi haiokoi injini iliyochoka wala gari lililong'olewa chujio la moshi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa nchi zinazovuta hewa moja.

Tanzania ina kanuni za viwango vya hewa tangu 2007, na Kenya ilitunga zake mwaka 2014. Lakini kikomo kisicho na kipimo hakimlindi mtu. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo ulioanza 2015, kimetengeneza vipimo vya bei nafuu, vingine vikafungwa kwenye bodaboda, na mitaa ya Kampala ikaanza kuwa na takwimu zake.

Mwananchi naye ana nafasi. Akiona lori au kiwanda kikifuka moshi mweusi siku baada ya siku, aandike mahali, saa na namba ya gari, kisha apeleke taarifa kwa taasisi ya mazingira ya nchi yake: NEMC nchini Tanzania, au NEMA nchini Kenya na Uganda. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya humruhusu mtu kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kudhurika. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, walishtaki, na Julai 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3.