Mtoto Hatulii: Kabla ya Kumpeleka Kupimwa ADHD

Daktari wa afya ya akili ya watoto na vijana anawajibu wasomaji.

Shikamoo daktari. Mwanangu wa darasa la tatu hakai kitako hata dakika tano. Mwalimu kasema nikampime ADHD. Nimeweka akiba ya picha ya kichwa; itatosha?

Marahaba. Akiba hiyo iache kwanza. ADHD, yaani hali ya kukosa umakini au utukutu uliopitiliza, haionekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Tunaitambua kwa kuuliza, kusikiliza na kulinganisha. Dalili za kukosa umakini ziko 9, za utukutu na pupa 9. Kwa mtoto tunatafuta 6 au zaidi katika kundi mojawapo, zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla hajatimiza miaka 12, tena zionekane sehemu mbili au zaidi. Anayesumbua shuleni tu, nyumbani katulia, kwanza nataka kujua huko shuleni kuna nini.

Vipimo nikiagiza, nasaka kitu kingine. Mtoto mmoja aliletwa kwangu kwa "ukaidi". Nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa sauti ya chini. Akaendelea kuchora trekta lake. Masikio yote mawili yalikuwa na usaha. Wapo pia wenye kifafa cha kuduwaa sekunde chache, na wanaokoroma kwa mafindofindo, wakaamka hawajalala.

Nije na nini?

Kadi ya kliniki, ripoti za shule, na madaftari kama yalivyo. Ukurasa wenye hesabu tatu sahihi, ya nne imeishia katikati, kisha picha ya gari, hunieleza mengi. Mwalimu nitampa dodoso, tafadhali usimjazie. Niambie pia kama uzazi ulikuwa wa shida, au kama mtoto aliwahi kulazwa kwa malaria ya kichwani. Jibu usilitarajie siku hiyohiyo.

Binti yangu hana fujo, ila hupotea mawazoni.

Mlete. Wasichana wa namna hii hawamsumbui mtu, ndiyo maana wengi huchelewa kufikishwa kwetu.

Nina miaka 34. Nimejaza dodoso mtandaoni, limesema ninayo.

Dodoso linaonyesha tu kama kuna haja ya kumwona daktari. Kuanzia miaka 17 tunahesabu dalili 5, lakini sharti la utotoni liko palepale, na kumbukumbu yako peke yake haitoshi. Njoo na mama au dada mkubwa. Nitakuuliza usingizi, pombe, wasiwasi na sonona, maana vyote hula umakini. Kama mambo yalianza kukuponyoka mwaka jana baada ya msiba, tutazungumza mengine.

Naanzia wapi?

Hospitali ya wilaya, uombe rufaa. Dar es Salaam, Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Nairobi ipo Mathari. Ukiogopa jirani atakuona pale, muulize na yeye alifuata nini.