Ugonjwa wa Parkinson Si Laana ya Ukoo

Wengi wetu tuliufahamu ugonjwa wa Parkinson kwa kumtazama Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyetetemeka mbele ya dunia nzima kwa miaka mingi hadi alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Hata hivyo, katika jumuiya zetu mzee anayetetemeka bado husemwa kuwa amerogwa, au ni mlevi. Wakiugua ndugu wawili wa tumbo moja, basi ni laana ya ukoo! Tuone kinachotokea hasa.

Ndani ya ubongo zipo seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea kwa wepesi. Katika ugonjwa huu seli hizo hufa kidogo kidogo. Chanzo kimojawapo ni kuharibika kwa mitokondria, yaani majiko madogo yanayoipa seli nguvu. Jiko bovu hutoa moto hafifu na moshi mwingi. Mitokondria mbovu nayo hutoa nguvu kidogo na kemikali zenye kudhuru.

Mwaka 1982 huko California, vijana kadhaa waliotumia dawa ya kulevya iliyotengenezwa kwa siri walikakamaa ghafla kama wagonjwa wa Parkinson wa siku nyingi. Dawa hiyo ilikuwa na MPTP, ambayo ubongoni hugeuka sumu ya kuzima mitokondria.

Baadaye zikagunduliwa jeni. Mwaka 1998 watafiti wa Japani waliitambua jeni ya parkin, na mwaka 2004 ikafuata PINK1. Protini za jeni hizi mbili hufanya usafi: PINK1 hukaa juu ya mitokondria iliyoharibika na kuiita parkin, nayo parkin huitia alama ili iondolewe. Jeni mojawapo ikiwa na kasoro, majiko mabovu hurundikana.

Hapa ndipo penye fumbo la ndugu wawili. Kwa jeni hizi, mtoto huugua akipokea nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wenyewe kwa kawaida ni wazima. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupokea nakala zote mbili. Mama asilaumiwe peke yake. Tena, wagonjwa wengi wa Parkinson hawakurithi kasoro ya namna hii.

Kwetu tunaowapelekea wagonjwa Komunyo: uso usiotabasamu si hasira, misuli imekaza tu. Kumeza kunaweza kuwa kugumu, hivyo tutoe kipande kidogo cha hostia pamoja na maji. Vidonge vya levodopa vina saa zake. Mgonjwa akichelewa kwa sababu ya Misa ndefu anaweza kushindwa kuinuka. Kanuni ya 919 inaruhusu maji na dawa katika saa ya mfungo kabla ya Komunyo, basi avimeze palepale kanisani.